Kucha za Bibi

Mlango wa kituo cha kulelea watoto ulinusa tumbo la Tunu, ukakataa kufunguka. "Ana minyoo," ukasema. "Chanzo ni kucha za bibi yake." Mtoto akikataliwa mara ya pili, huchukuliwa akalelewe bwenini, mbali na kwao.

Nyumbani, Saumu, mama yake Tunu, akasema, "Mama, kuanzia leo usimlishe kwa mkono."

"Mkono huu ndio uliokulisha, mwanangu, mpaka ukapata mdomo wa kunikataza."

Hata hivyo bibi alikata kucha, akasugua vidole kwa sabuni mpaka vikachubuka. Wakati wa kula, Tunu akamgeukia, akaachama. Bibi akaikalia mikono yake. Saumu akaleta kijiko.

Tunu akafumba mdomo. Kisha, taratibu, naye akaikalia mikono yake.