Uvimbe Usio na Wenyewe

Siku hizi mgonjwa wa saratani ya titi huuguzwa tu na wanawake ambao uvimbe wao una protini kama ya uvimbe wake. Ndugu wa damu haruhusiwi hata kumkorogea uji. Kinyama kilichokatwa kwenye titi la Sikudhani hakikuonyesha hata moja kati ya protini tatu zinazopimwa, kwa hiyo hakuna aliyepiga hodi kwake. Upweke ulipomzidi, akadanganya kuhusu majibu yake na kujiunga na kundi la jirani la wenye protini.

Wakamwogesha, wakamtania: "Wee kipara, nyanyua mkono!" Akacheka mpaka mshono ukauma.

Kisha kiongozi wao, Bi Mwanaharusi, akaletewa majibu halisi ya Sikudhani.

"Shoga, umetuibia. Tuombe radhi, uondoke."

Sikudhani akakaza kanga yake. "Naondoka. Radhi siombi."