Kibao cha Ishirini

Tangu Holo azaliwe, kibao cha mwendo mbele ya nyumba ya Nyamizi kilisomeka ishirini. Vibao hujisomea daftari la kijiji: penye mtoto, magari hupunguza mwendo yenyewe, pasipo mtoto, themanini. Leo asubuhi lori lilipita kwa kasi, vumbi likaingia mpaka kwenye uji.

Nyamizi akampigia simu mtendaji wa kijiji. "Kibao chetu kimeharibika."

"Hakijaharibika, Mama Holo. Mtoto amehamishwa."

"Amehamishwa wapi? Si huyu hapa anakunywa uji!"

"Baba yake kamwandikisha kwenye ile nyumba yake nyingine, kule Ziba." Mtendaji akasita. "Nilidhani unaifahamu."

Nyamizi akamgeukia mumewe, Shija, aliyekuwa akifunga viatu.

"Ni miezi miwili tu," Shija alisema bila kuinua macho. "Yule ana mimba, anayaogopa magari. Na mtoto wa tumboni hahesabiwi."

"Na huyu wako je?"

"Holo? Holo hajawahi kuogopa gari."

Ni kweli. Shule iko ng'ambo ya barabara, na Holo huvuka bila kuangalia, maana magari humsubiri. Alikwisha kuweka kikombe chini na kuchukua begi lake. Nyamizi alikuwa bado anamtazama Shija.