Waya wa Simu Kwenye Mashine ya Pamba

"Ni mbuzi gani alifunga hii?" Injinia Jonah Musembi alifoka, akiuvuta waya kutoka kwenye bomba kama mtu anayetoa nyoka shimoni.

Ulikuwa waya wa simu, ule mwembamba wa nyumbani. Mtu alikuwa ameunganisha nao kompyuta na mashine ya kuchambua pamba, tena akaupitisha kwenye bomba moja na nyaya nene za mota. Mota zikiwaka, umeme wake ulivuruga kila kitu. Amri iliyotumwa upande huu haikufika upande ule.

"Hata kuku hangeupitisha hapo," alisema, akautupa sakafuni.

Ndila, karani wa kiwanda, alisimama kando ameshika funguo za stoo. Asubuhi, injinia alipojitambulisha, Ndila alikuwa amemkazia macho, kisha akamuuliza, "Injinia, ushawahi kufika huku Kambu?"

"Huku? Na vumbi hili?" Musembi alicheka. "Mimi ni mtu wa ofisi, mama. Nairobi, kila wiki viwanda kumi vinangoja sahihi yangu. Nimetoka tu kwa sababu mtu wenu alikatwa mkono."

"Ni bwanangu. Kiilu." Ndila hakupandisha sauti. "Alibonyeza kitufe cha kusimamisha, mashine ikakataa kusimama. Wakubwa wakasema alikuwa mlevi, wakamfuta kazi. Na Kiilu ni shemasi, pombe hajawahi kuionja."

Musembi alichagua kebo aliyokuja nayo: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kuvikwa karatasi ya bati, ili umeme wa mota usiziingilie. Akaipitisha kwenye bomba lake peke yake, ukuta wa pili, akaliunganisha lile bati na ardhi upande mmoja tu. Saa tisa alasiri mota zote zilinguruma. Akabonyeza kitufe.

Mashine ikanyamaza papo hapo.

Ndila alijifuta macho kwa pindo la leso. "Kwa hivyo hakuwa mlevi."

"Mlevi ni aliyepitisha kazi hii!" Musembi alitema mate. "Fundi anaweza kuwa mjinga, sawa. Lakini kuna mtu mwenye digrii aliyetazama takataka hii akasema iko sawa. Huyo hatagusa kazi tena Kenya hii. Nitaandika barua leo leo, na bwanako atasafishwa jina."

"Utaandika kweli, injinia?"

"Naapa mbele ya Mungu. Nipe tu jina lake."

Ndila alifungua kabati la ofisi, akatoa cheti cha ukaguzi cha mwaka wa 1991, mwaka waya ule ulipofungwa, akakiweka mezani mbele yake.

"Soma wewe. Mimi nimekisoma mara nyingi."

Kilisema: *Nimefika kiwandani, nimekagua nyaya zote kwa macho yangu, nimeridhika.* Chini yake, kwa wino wa buluu, palikuwa na sahihi ya Injinia Jonah Musembi.