Abiria wa Mtihani wa Breki

Siku hizi mtihani wa breki ni mmoja tu katika chuo cha ufundi wa magari. Mwanafunzi huweka breki mpya kwenye gari, kisha mtu wa nyumbani kwake huketi kwenye usukani, peke yake, na gari huachiwa mteremkoni. Katika mpango wa masomo, Mwalimu Kasebele ameandika lengo kwa sentensi moja: mwanafunzi ataweza kumsimamisha salama mtu anayempenda.

Zamu yake ilipofika, Atupele alimwomba mumewe, Lusajo, aketi kwenye usukani. Akajibu kwamba mgongo unamsumbua. Basi mama mkwe akajifunga kanga kiunoni.

"Nitapanda mimi, mwanangu," alisema. "Nioneshe tu pa kukanyaga."

Gari lilishuka kwa kasi. Atupele alisubiri chini, kando ya ukuta wa zege, akaona uso wa mama ukisogea nyuma ya kioo, mdomo wazi. Breki zilishika gari likiwa limekaribia kabisa kugusa ukuta. Mama alishuka, akakaa chini vumbini. Mwalimu aliandika kwamba Atupele amefaulu, akamwita mwanafunzi mwingine.

Nyumbani walimkuta Lusajo amepika wali na maharage.

"Nilijua utafaulu," alisema, akimpakulia mkewe.

Mama aliweka kijiko chake chini. "Umebaki mtihani wa usukani, nao unataka mtu wa nyumbani," alisema taratibu.

"Siku hiyo nitakuwa safarini," Lusajo akajibu.

Atupele alimtazama. Tarehe ya mtihani huo ilikuwa bado haijatangazwa. Akainamia sahani yake, akaendelea kula.