Glasi ya Pili ya Mama Jelagat

Mama mkwe aliomba siagi, na Imara alipofunua kisahani akakuta minyoo.

Ilikuwa hai. Ilijikunjakunja ndani ya udongo mweusi, minene kama vidole, pale pale siagi ilipokuwa jana. Imara alifunika haraka, akameza mate, akageuka akitabasamu. Bure tu. Mama Jelagat alikuwa amesimama nyuma yake, na macho yake, jamani, hayakuwa ya mtu wa kudanganywa.

"Hiyo mnakula?"

"Hapana, Mama! Ni ya Kipchumba. Ya kuvulia samaki."

Mama alisonya, akala mkate mkavu.

Aibu iliyoje! Mama wa watu ametoka Iten, Kenya, mpaka Silver Spring, Marekani, kumwona mke wa mwanawe kwa mara ya kwanza, mke Mmarekani aliyejifunza Kiswahili darasani, na tangu afike hajamwita kwa jina hata siku moja. Ni "wewe" tu. Wewe, nipe maji. Wewe, funga dirisha. Kesho Kipchumba angesafiri na kuwaacha wawili hao peke yao, na Imara hakujua wangetazamana vipi.

"Mama akikupa mursik, kunywa yote," Kipchumba alikuwa amemwonya. "Ukikunja uso tu, umekwisha."

Mursik ni yale maziwa ya kwao ya kugandisha, yanayotiwa mkaa wa mti. Mama alikuja na kibuyu kizima, watu wa uwanja wa ndege wakakichukua, na mpaka leo alikitaja kwa huzuni kama marehemu.

Sebuleni, Kipchumba na rafiki yake Mutai walikuwa wametandaza ramani juu ya meza, ndoano juu ya kochi, na mabuti ya matope juu ya zulia. Safari yenyewe ilikuwa ya mto ulio mpakani na Kanada, ambako barafu ilikuwa ndiyo kwanza imeyeyuka. Walikuwa wakimfuata sturjoni, dude la samaki lisilo na magamba, lenye pua ndefu na sharubu, linalofyonza uchafu chini ya mto. Hata Potomac, mto wa pale karibu, wapo, ila sheria hairuhusu kuwagusa.

"Huyo haoni vizuri, ananusa," Mutai alieleza. "Kinachonuka zaidi ndicho anachopenda. Shem, usizibe pua, huu ni utaalamu!" Kisha akamgeukia Kipchumba. "Kile chako kimeiva?"

"Kimeiva mpaka mimi mwenyewe nakiogopa."

"Na mkishamshika mnamla?" Mama aliuliza kutoka kwenye kochi, ambako alikuwa amejikunyata mbali na ndoano.

"Hapana, Mama. Tunapiga naye picha, tunamrudisha majini."

"Unamkumbatia nyoka wa maji, unapiga naye picha, halafu unamrudisha? Kipchumba, mimi nilikulea hivyo?"

Imara aliangua kicheko kabla hajajizuia. Mama akamtupia jicho, na kwa mara ya kwanza halikuwa kali.

Wanaume waliposhuka kupakia gari, Imara alijitosa kwenye friji na kitambaa na sabuni. Kinyaa kitupu! Ngisi walilala juu ya saladi. Damu ya samaki ilikuwa imedondokea matunda. Nyuma kabisa, likiwa limefungwa kwa taulo, kulikuwa na jagi asilolijua. Alifunua kidogo na harufu ikampiga usoni. Ulikuwa uji mzito wa kijivu, wenye chembe nyeusi nyeusi. Nusura autupe wote.

Halafu akakumbuka ile galoni ya maziwa iliyotoweka Mama alipofika tu. Alaa! Kumbe Mama alitengeneza mursik yake kimya kimya, na nani angemlaumu kwa kutomkaribisha mwanamke anayeweka minyoo kwenye siagi? Basi leo Imara angejikaribisha mwenyewe. Alijaza glasi mbili, akaenda sebuleni, akampa Mama glasi moja kwa mikono miwili.

Mama aliitazama glasi, akamtazama Imara.

"Hapa hapa Amerika," alisema polepole.

"Hapa hapa, Mama."

Wakanywa. Loo! Ilikuwa chachu, chumvi na mafuta, na katikati kulikuwa na kitu laini kilichoteleza chenyewe kooni. Imara alionja hata samaki, lakini nyumba ilivyonuka siku zile, hata maji yalikuwa na ladha ya samaki. Machozi yalimlengalenga, ila uso hakuukunja. Mama naye alifumba macho, akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Tamu," Imara alisema.

"Tamu sana," Mama alijibu, baada ya kupumua kwanza. "Niongeze."

Angemwongezaje Mama bila kujiongeza na yeye? Imara alileta jagi, akamimina glasi ya pili kwa wote. Walikunywa wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ashindwe, na hakuna aliyeshindwa. Jagi likabaki tupu.

Mama aliweka glasi chini, akamshika mikono yote miwili.

"Imara," alisema. "Binti yangu. Watu waliniambia nimepoteza mtoto huku. Nikirudi nitawaambia, mke wa mwanangu amenitengenezea mursik kwa mikono yake mwenyewe."

Imara aligeuka kulitazama lile jagi tupu.

Jikoni, mlango wa friji ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Kipchumba akachungulia sebuleni, jasho likimtoka.

"Jamani, nani ametoa chambo changu?"