Usingizi wa Anyisile

Sheria ilimtaka kila dereva wa lori apumzike kwa saa nane kabla ya kushika usukani, lakini iliruhusu mtu wa nyumbani kwake alale badala yake. Kwa hiyo Sekela aliendesha lori, na mumewe Anyisile akalala nyumbani Makambako akiwa amevaa bangili iliyohesabu saa za usingizi wake na kuzipeleka kwenye bangili ya mkewe. Uchovu wa mke uliisha kwa usingizi wa mume.

Siku hiyo, kwenye kizuizi cha Mikumi, askari alisoma bangili ya Sekela akatabasamu.

"Dada, wewe umepumzika kweli! Saa kumi na tisa. Unafika Lusaka bila kusimama."

Sekela alishtuka. Walikuwa wamekubaliana saa nane tu. Alisogeza lori pembeni, akampigia simu mama mkwe.

"Shikamoo, mama. Anyisile yuko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Bado amelala."

"Naomba umwamshe."

"Nimemwita, nimemtikisa, hata maji nimemmwagia. Anapumua vizuri, ila haamki."

"Mvue bangili, mama!"

"Nimeshaivua, Sekela. Tangu asubuhi."

Aliendesha moja kwa moja hadi Makambako, wala hakupiga hata mwayo mmoja. Alimkuta Anyisile amelala chali, uso umetulia. Akamwita mara nyingi kwa jina. Kisha akavua viatu, akajilaza kando yake na kufumba macho, akiutafuta usingizi wake mwenyewe ili amrudishie.

Usingizi haukuja.