Kwa Nguvu

Mwalimu Mukalay alikuwa ameinua kalamu nyekundu, na mjumbe wa Chama tawala alikuwa amemsimamia mbele ya wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza.

Mezani ilikuwa insha ya binti mmoja wa mtaa wa Kapata, aliyoiandika kwa somo la fasihi ya taifa: «Mama alitolewa kitandani akiwa na homa yake, akapelekwa salongo kwa nguvu.»

«Futa hiyo *kwa nguvu*, sitwayen,» mjumbe aliagiza, akimwita «mwananchi» kwa Kifaransa, kama Chama kilivyotaka watu waitane. «Salongo ni kazi ya kujitolea kwa inchi. Weka *kwa furaha*, ao huyu mutoto anafukuzwa leo.»

«Tangu lini homa inaitwa furaha?» Mukalay aliuliza.

Darasa likacheka.

Maisha yake yote Mukalay alikuwa amekata makosa bila huruma, hata ya watoto wa wakubwa. Leo alitakiwa kukata neno lisilo na kosa.

Akaitupa kalamu, akashika chaki, akaiandika sentensi ile ubaoni, neno kwa neno.

«Munakili wote,» alisema bila kugeuka. «Na wewe, sitwayen, ukifukuza, anzia kwangu, hapa mbele.»